Vidonge vya thairoidi kwa vifaranga wa sato

Kaka, umeuliza kama usage vidonge vya thairoidi vya binadamu uwachanganyie vifaranga wa sato hapo Ihumwa wakue upesi. Nakusihi, usifanye. Ni kweli T3, mojawapo ya homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), kwa kiasi kidogo mno kwenye chakula, imewahi kuharakisha ukuaji wa samaki wachanga kama salmoni. Ikizidi, mwili unachoma akiba yake wenyewe: samaki anakonda, mifupa inapinda, wengine wanakufa. Na bwawani nani atampimia kila kifaranga dozi yake?

Mimi naona tatizo lako ni baridi. Juni na Julai usiku wa Dodoma unapoza maji, na yakishuka chini ya nyuzi 20 sato hawali vizuri. Walishe mchana jua likishapasha maji, chakula chenye protini asilimia 35 hivi.