Wakala wa safari: wapi namlipa, wapi napiga simu mwenyewe

Kila ikifika Novemba simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Shule zinakaribia kufungwa, watu wamejiwekea vijisenti, na mtu ananitumia picha aliyoikuta Instagram: Zanzibar siku nne, "kila kitu ndani". Chini yake swali: "Dada, nimlipe huyu wakala au nijipangie mwenyewe?" Nami huuliza swali langu, ambalo najua linaudhi: hicho "kila kitu" ni vitu gani, na kipi kati yake huwezi kukipata ukiwa umekaa sebuleni kwako?

Watu huzungumza kana kwamba njia ni mbili tu, huku wakala na ofisi yake pale Kariakoo au Posta, kule wewe na intaneti. Lakini ukikata tiketi ya ndege Expedia, au chumba Booking.com, umeshapita kwa wakala. Kampuni zote mbili zilianza mwaka 1996, moja ndani ya Microsoft kule Marekani, nyingine Uholanzi, na kazi yao haina tofauti na ya yule wa Kariakoo: wanauza mali ya mwingine na kubaki na chao. Tofauti ni kwamba hawa huwajui kwa sura, wala huwezi kwenda kukaa kwenye benchi lao asubuhi mpaka jioni kudai hela yako. Ndege ikibadilishiwa ratiba ukapiga simu shirika la ndege, mara nyingi utaambiwa, "Rudi kwa aliyekuuzia." Na aliyekuuzia ni tovuti.

Kwa hiyo suala la kama kuna mtu wa kati halinisumbui tena, maana karibu siku zote yupo. Ninachofanya ni kuivunja safari vipande: usafiri, malazi, vibali, na gari la huko unakokwenda. Kisha kila kipande nakiuliza peke yake, mtu wa kati hapa ananifanyia kazi gani?

Twende na Zanzibar kwanza, ndiyo inayoulizwa zaidi. Boti kutoka Dar ni safari ya kama saa mbili. Tiketi unakata kwenye mtandao wa kampuni ya boti au dirishani kwao, bei imeandikwa, unaondoka. Wakala hapa hakuongezei kitu. (Wale vishoka wanaokuvuta shati nje ya bandari hata siwahesabu kuwa mawakala.) Treni ya SGR kwenda Morogoro au Dodoma ni hivyo hivyo, unajikatia kwa shirika la reli, TRC, na mambo yameisha. Anayekutoza "gharama ya huduma" kwa kukukatia tiketi ya boti anakutoza kwa kubonyeza simu.

Malazi ndipo panaponoga. Mtu anafungua tovuti, anaona hoteli ya Jambiani au Nungwi, dola kadhaa kwa usiku, anashtuka, anahitimisha kuwa wakala ni nafuu. Kumbe ile tovuti haijui wewe ni nani. Imekuonyesha bei ya mgeni anayetoka Milano. Hoteli nyingi za Zanzibar na za mbugani zina bei mbili, ya wageni na ya wakazi, wengine wanaiita bei ya wazawa, na hiyo ya pili mara nyingi haionekani mtandaoni kabisa. Unaipata kwa kuuliza. Mimi natafuta hoteli kwenye tovuti, nasoma maoni ya waliolala pale, naangalia picha walizopiga wageni wenyewe na siyo za mwenye hoteli, kisha naifunga tovuti na kupiga simu mapokezi.

"Habari za kazi, kaka. Ninyi mna bei ya wakazi?"

"Ipo dada, ila mje na vitambulisho."

Mazungumzo hayo mafupi yameniokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la mtandaoni. Na hata wakikosa bei ya wakazi, hoteli inajua kwamba ukipitia tovuti itakatwa kamisheni, kwa hiyo ukiomba upunguziwe kidogo kwa kuwa umekuja moja kwa moja, una hoja. Waombe wakutumie uthibitisho kwa barua pepe au WhatsApp ulio na tarehe, aina ya chumba, na kama chai ya asubuhi imo.

Kitu kimoja ambacho bango la "kila kitu ndani" halitakwambia ni bahari yenyewe. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli. Unaweza kutembea dakika nyingi kabla hayajafika magotini. Kwa wanaojifunza kuteleza na tiara, au watoto wa kuokota kombe, ni raha. Kwa mtu aliyekuja kuogelea saa yoyote anayotaka, ni heri Nungwi au Kendwa. Na pakeji ya bei ya kutupa ya Aprili ina sababu: ni masika, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mimi binafsi napenda Unguja ya mvua, lakini usiuziwe ukidhani umeokota dodo chini ya mnazi.

Sasa Serengeti. Hapa naugeuza ushauri wangu juu chini.

Watanzania wengi wanaamini kwamba kwa kuwa kiingilio chao ni maelfu kidogo ya shilingi, wakati mgeni wa nje analipa zaidi ya dola 70 kwa siku ukijumlisha kodi, basi safari yenyewe itakuwa rahisi wakijipangia. Kiingilio si kitu. Gharama iko kwenye magurudumu. Ukitoka Arusha kupitia Karatu, unapita kwanza Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake, ndipo unafika lango la Naabi unaingia Serengeti, ambayo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mamlaka mbili, malipo mawili, na kibali kinahesabiwa kwa saa. Hata kama Ngorongoro unapita tu, unalipa kupita. Ukichelewa kutoka, saa zinakuhukumu. Malipo ni kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, siyo noti mkononi. Na kushuka bonde la kreta ya Ngorongoro wanaruhusu gari la fofwili tu, kwa hiyo ile gari ndogo ya shemeji iacheni nyumbani.

Tulimpeleka mama mkwe wangu huko, mwanamke ambaye hajawahi kusema jambo lolote ni zuri bila kuongeza "lakini". Kampuni ya Arusha ilitupa Land Cruiser na dereva wa makamo. Gari liliharibika tukiwa tumeshaivuka Naabi, jua kali, hakuna mtandao. Dereva alishika redio, akaongea na wenzake, na baada ya muda gari la kampuni nyingine kabisa likasimama, likatubeba mpaka Seronera tukiendelea kuangalia simba njiani, na kesho yake gari jingine la kampuni yetu likaletwa kutoka Karatu. Ukikodi gari mwenyewe, ile redio huna, wala wale wenzake huna. Mama mkwe alisema safari ilikuwa nzuri, lakini simba walikuwa wamelala.

Kwa hiyo mbugani namlipa wakala, ila namhoji kwanza. Swali langu kubwa ni hili: tutalala eneo gani, na kwa nini huko mwezi huo? Nyumbu hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Agosti na Septemba wanaotafuta kuwaona wakivuka mto Mara inabidi waende kaskazini, Kogatende. Akikuuzia "nyumbu wa kuvuka mto" mwezi wa Agosti halafu usiku wote umepangiwa Seronera, katikati, ama hajui kazi yake au anajua vizuri sana. Wakala anayeijua mbuga atajibu bila kufungua simu.

Kilimanjaro sina la kubishana. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni kupitia kampuni iliyosajiliwa, basi. Cha kuchagua ni kampuni gani, na hapo bei ya chini kuliko zote iogope. Ada za hifadhi hazipungui kwa yeyote, kwa hiyo punguzo linatoka kwenye chakula, kwenye hema, au kwa wale wapagazi ambao Moshi wanawaita wagumu. Mzigo wa mpagazi umewekewa ukomo wa kilo 20. Uliza wanalipwa kiasi gani kwa siku. Wakala akianza kugugumia, umeshajibiwa.

Nje ya nchi mambo yanachanganyika. Viza ya utalii ya Dubai, kwa mfano, huendi kuiomba ubalozini. Inapitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa kule. Mtu wa kati yuko ndani ya utaratibu wenyewe, kwa hiyo wakala mzuri anakuwa na maana. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, ni kinyume. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000, na alama za vidole ni zako, hakuna wa kukutolea. Wakala anaweza kukupangia makaratasi. Akikuahidi kwamba viza itatoka, funga mkoba wako uondoke.

Kwenye tiketi za ndege naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo hela za watu zinapotea. Binamu yangu alilipia familia nzima kwa wakala mmoja wa hapa mjini, akatumiwa karatasi nzuri yenye majina yote, saa za ndege, na ile namba ya kushikia nafasi, yenye herufi na tarakimu sita kwa jumla. Alifurahi. Nilipoiangalia nikaona haina namba ya tiketi. Vitu hivyo ni viwili tofauti. Ile namba fupi inaonyesha kwamba nafasi imeshikwa. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 176 ni Emirates, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Nafasi iliyoshikwa tu bila kutolewa tiketi ina muda wake, muda ukiisha shirika linaifuta. Wakala alikuwa anazizungusha zile hela kwenye biashara nyingine akitumaini kulipa dakika za mwisho. Binamu akaenda akakaa ofisini kwake. Tiketi zikatoka jioni ile ile.

Kwa hiyo ukishalipa, omba namba ya tarakimu 13 ya kila msafiri, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uone jina lako lipo na limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Na ukijikatia mwenyewe tiketi mbili tofauti, moja ya Dar hadi Nairobi na nyingine ya kuendelea, kumbuka kwamba ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala wewe hulidai. Kwa safari ya kuunganisha ndege napendelea tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo.

Juu ya malipo nina ukali kidogo. Thomas Cook ilianza kupeleka watu matembezini Uingereza mwaka 1841, ikawa moja ya majina makubwa kwenye biashara hii, na tarehe 23 Septemba 2019 ikafilisika asubuhi moja. Waingereza wapatao 150,000 waliokuwa nje walirudishwa nyumbani, na wengi wao walikuwa wamekingwa na mpango wa nchi yao wa wanunuzi wa pakeji, unaitwa ATOL. Mimi katika safari zote nilizonunua hapa Dar na Arusha sijawahi kukabidhiwa karatasi ya kinga ya namna hiyo. Ndiyo maana silipi yote kwa mkupuo. Natanguliza sehemu, naomba uthibitisho wa hoteli, napiga simu hotelini kuuliza kama jina langu lipo, ndipo namalizia. Naomba leseni ya biashara ya utalii, ile wanayoiita TALA. Nalipa kwenye akaunti au Lipa Namba yenye jina la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi kabla sijaweka namba ya siri, naishia hapo. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naidai, hata kama ataniona mshamba.

Wapo watu ninaowaambia walipe wakala hata kwa Zanzibar. Kikundi cha akina mama thelathini wa kikoba, kila mmoja na maoni yake kuhusu chumba, lipeni. Mzee anayetumia kiti cha magurudumu, anayehitaji mtu bandarini na gari lenye nafasi, lipeni. Mtu ambaye muda wake ni hela kweli kweli, naye alipe, bora aambiwe ada ya huduma waziwazi badala ya kufichiwa kwenye bei ya chumba.

Na wewe uliyenitumia ile picha ya siku nne: piga simu hoteli kesho asubuhi, siyo usiku, maana wa usiku huwa hana mamlaka ya kupunguza. Halafu kata boti ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Baada ya mwaka mpya kila mtu anataka kurudi Dar siku moja.