Maswali ya Wasomaji: Upenu wa Hema Jepesi

SWALI: Nina hema jepesi la mtu mmoja, mlango wake uko ubavuni. Mvua ikinyesha, nikifungua zipu tu maji yanadondokea begi la kulalia, na viatu havina pa kukaa. Mwezi Desemba nitapanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Nimejaribu kufunga turubai dogo kwenye vitanzi vya hema, hema likapinda. Nifanyeje bila kujiongezea mzigo?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Hema lilipinda kwa sababu ulilitwisha kazi isiyo yake. Vitanzi hivyo vimeshonwa ili vivutwe chini kuelekea kwenye kigingi. Ukivitundikia turubai vinavutwa upande mmoja, na kila upepo ukipiga, nguvu yote inaishia kwenye fito nyembamba za hema. Upenu usimame kwa miguu yake wenyewe na upite juu ya hema bila kuliegemea.

Tafuta kitambaa cha nailoni kilichopakwa silikoni, mita 2 kwa 2. Kile chepesi kina takriban gramu 45 kwa mita ya mraba, hivyo kipande kizima hakifiki robo kilo. Chukua pia kamba ya milimita 2 au 3, mita 20, vigingi 6, fimbo zako mbili za kutembelea na kijiti kimoja imara cha sentimita 90. Usikate mti, fimbo ya mwenzako inatosha.

Simamisha hema kwanza. Weka fimbo moja kila mwisho wa hema, zote ziwe ndefu kuliko kilele chake kwa sentimita 10 hivi. Kama hema lina sentimita 105, fimbo ziwe 115. Pitisha kamba ya mita 8 kutoka kigingi kimoja, ikazungushe mpini wa fimbo ya kwanza mara mbili, ivuke juu ya hema, ifanye vivyo hivyo kwenye ya pili, kisha iteremke hadi kigingi cha upande wa pili. Vigingi vikae mita moja na nusu kutoka kwenye fimbo. Ukiviweka karibu zaidi fimbo italalia ndani ukikaza. Ardhi ikiwa tepetepe, ncha ya fimbo huzama na kamba hulegea yenyewe. Igeuze, mpini ukae chini juu ya bapa la jiwe.

Sasa tandika kitambaa juu ya kamba: sentimita 30 zining'inie nyuma, mita 1.7 zije mbele. Sehemu ya mbele hulifunika hema lenyewe sentimita 60 au 70, na inayobaki, mita moja hivi, ndiyo baraza yako. Funga pembe mbili za nyuma kwenye vigingi nyuma ya hema. Mbele, pembe moja ipandishe kwa kijiti, nyingine iteremshe mpaka sentimita 50 kutoka ardhini, upande unaotoka upepo. Hapo maji yote yanakimbilia pembe ya chini, nawe unaingia na kutoka kwa pembe ya juu. Wengi huinua ukingo wote wa mbele kuliko kamba ya katikati ili wapate nafasi ya kusimama, halafu wanashangaa maji yanarudi mlangoni.

Usitegemee matundu ya chuma ya turubai la bei nafuu, maana ndiyo ya kwanza kung'oka. Chukua kokoto laini yenye ukubwa wa komwe la bao, iweke chini ya kitambaa sentimita 10 kutoka kwenye pembe, ikunje ndani na uikaze shingoni kwa kamba mizunguko miwili. Kokoto yenye makali hutoboa, kwa hiyo ipapase kwanza kwa kidole.

Nailoni ikilowa hutanuka. Baada ya nusu saa ya mvua toka ukaze kamba zote. Usipofanya hivyo katikati patabonyea. Lita tano zikituama hapo ni kilo tano, na kigingi kilicho kwenye udongo laini hakizihimili. Kitambaa cha poliesta hakina tabia hii. Ukifika kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200 hivi, penye mawe mengi kigingi huenda kisiingie kabisa: funga kamba kwenye jiwe, kisha ulikandamize kwa jingine zito zaidi. Upepo ukizidi, ng'oa kijiti na uteremshe pembe hadi ardhini. Upenu unageuka ukuta mbele ya mlango, nawe unalala.

SWALI: Naweza kutumia nailoni ya kujengea badala ya kitambaa hicho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaweza, lakini angalia geji. Ile ya geji 1000 ina unene wa robo milimita na uzito wa gramu 230 hivi kwa mita ya mraba. Mita 4 za mraba zinakaribia kilo moja. Geji 500 ni nusu yake. Hupiga kelele usiku na hukatika kwenye mikunjo, hivyo izungushe kama mkeka badala ya kuikunja. Fundo la kokoto linaishika vizuri.

SWALI: Je, jiko la gesi linaweza kuwaka chini ya upenu?
Msomaji, Arusha

JIBU: Liweke ukingoni, chini ya pembe iliyoinuliwa, pande mbili zikiwa wazi, na moto uwe mdogo. Nailoni haiungui kwanza, inayeyuka na kudondoka. Majiko ya petroli na mafuta ya taa hulipuka mwali mrefu yanapowashwa, kwa hiyo yawashie nje kabisa. Ndani ya hema usiwashe jiko lolote. Jiko la mkaa lililobaki na makaa tu pia lisiingizwe ndani eti lilete joto: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala hazinduki.