Koti la Sufu na Ile Harufu ya Drai Klina

Mwezi wa saba Moshi haina utani. Wingu linaukalia mji tangu alfajiri, mlima hauonekani, na hata wale wa mikono mifupi wanaanza kuulizana makoti yako wapi. Langu nililipata kwenye mitumba ya Memorial, sufu halisi, rangi ya majivu. Lebo ilikataza maji, nikalipeleka drai klina moja mjini. Lilirudi safi, limefungwa nailoni. Nikalitundika kiti cha nyuma, nikapandisha vioo kwa sababu ya baridi, nikashika njia ya Marangu. Nilipofika kichwa kilikuwa kinatwanga kama kinu, na gari zima linanuka dawa fulani, tamutamu hivi.

Kesho yake nilirudi kuuliza wanafulia nini. Kijana wa kaunta akanijibu, "Ni dawa tu, kaka."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma. Drai klina inaitwa kavu lakini nguo inaloweshwa vizuri sana, ila si kwa maji, bali kwa kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Kilichotawala kazi hii duniani kwa miaka mingi ni perikloroethilini. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Mteja anapata harufu ya siku moja. Anayeivuta kila siku ni yule kijana wa kaunta na wenzake wa nyuma. Halafu dawa yenyewe ni nzito kuliko maji. Ikimwagika inazama mpaka kwenye maji ya ardhini na kukaa huko miaka, na mji huu unakunywa chemchemi na visima. California iliiondoa kwenye drai klina zake mwaka 2023, na Desemba 2024 serikali ya Marekani ikatoa kanuni ya kuiondoa nchi nzima ndani ya miaka 10.

Kwa hiyo ukienda drai klina, uliza. Wengine wanatumia viyeyusho vya jamii ya petroli, ambavyo sumu yake ni ndogo zaidi lakini vinashika moto. Na usibabaishwe na neno "oganiki" ukutani: kwenye kemia maana yake ni kitu chenye kaboni tu, hata petroli yenyewe ni oganiki. Ninayoipenda mimi ni ile ya maji, iliyoanza Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990: mashine inayozungusha nguo polepole kwa maji ya baridi na sabuni laini, kisha nguo inanyooshwa kwa mvuke. Ipo pia ya kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika, lakini mashine zake ni ghali mno.

Lakini aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja dobi wa Majengo. Nilimpelekea koti, akalipapasa, akacheka. "Mwanangu, sufu haiogopi maji. Kondoo hanyeshewi?" Kinachoiua, akasema, ni maji ya moto na kufikicha. Ni kweli: unywele wa sufu una magamba madogo, ukiupasha moto na kuusugua magamba yanashikana, nguo inarudi, na hapo umemnunulia mwanao koti.

Kabla ya beseni, soma lebo. Mduara wenye P unaruhusu perikloroethilini, wenye F ni vile viyeyusho vya petroli, wenye W ni ufuaji wa kitaalamu kwa maji. Beseni lenye mkono, fua mwenyewe. Lebo ikiwa imekatwa, kama mitumba mingi, chomoa uzi kwenye mshono wa ndani uuchome: ukinuka nywele ni sufu au hariri, ukiyeyuka na kuganda kama shanga ni poliesta. Suti nyingi tunazouziwa kama sufu huishia shanga.

Kisha jaribu rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa, mahali pasipoonekana. Maji ya baridi, shampuu kidogo (sufu ni jamii ya nywele, sabuni kali ya unga inaichosha), dakika kumi, unabonyeza tu. Suuza kwa maji mengine, ya baridi vilevile. Usikamue! Viringisha ndani ya taulo, ukandamize, kisha tandaza kivulini juu ya mkeka. Ukilitundika limelowa, mikono itafika magotini.

Koti la suti la kisasa ndilo silitii majini, kwa sababu ndani lina kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi, na gundi ikiachia kifua kinatoka mapovu. Hilo nalipiga brashi, nalianika barazani usiku, mikunjo naiondoa kwa mvuke. Doa nalishughulikia peke yake. Mafuta ya nyama choma, nyunyizia poda ya mtoto au unga wa muhogo, lala nalo, asubuhi upige brashi. Kisusio ni supu ya damu, kwa hiyo maji ya baridi tu. Ya moto yanaipika doa ikashika moja kwa moja. Petroli achana nayo. Binamu yangu alifuta tai kwa petroli jikoni, jiko la mkaa likiwa hatua tatu kutoka kwake, na nyusi zilichukua miezi kuota.

Zikibaki nguo ambazo lazima ziende drai klina, gauni la harusi lenye shanga kwa mfano, vua nailoni kabla hujaondoka dukani, shusha vioo njiani, na usiliingize chumbani. Letu lilikaa barazani siku mbili, mke wangu akilinda kuku wasilisogelee.