Hivi wajumbe wetu huwa wanaenda kufanya nini kule?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nalima mpunga huku Rufiji, mafuriko ya 2024 yalipita na shamba lote, hata majaruba yalipokuwa hapajulikani. Kila mwaka naskia redioni watu wameenda mkutano wa tabianchi, mara Misri, mara Dubai, mara Azabajani, halafu wanarudi kimya. Nchi masikini zinasikilizwa kweli au ni posho tu?
Msomaji, Ikwiriri

JIBU: Pole sana kwa shamba ndugu yangu. Posho zinaliwa, hapo tusidanganyane. Ila kusikilizwa wanasikilizwa, tatizo ni kwamba inachukua miaka mpaka unachoka. Angalia hii ishu ya hela za majanga. Mwaka 1991, kabla hata mkataba wenyewe wa tabianchi haujasainiwa pale Rio, Vanuatu, kijinchi cha huko Pasifiki, kilisimama kwa niaba ya visiwa vidogo kikasema nchi zenye viwanda zichange mfuko wa kuwalipa wanaomezwa na bahari. Likawekwa kando. Wakalirudisha, likawekwa tena kando, maana matajiri wakisikia neno fidia wanaruka kama wamekanyaga kaa la moto, kwao ukikubali kosa umekubali na bili yake. Mpaka Novemba 2022 pale Sharm el-Sheikh, Misri, ndo mfuko ukakubaliwa, na mwaka huo Pakistan ilikuwa imetoka kuzama kwa mafuriko na ndo hao hao walikuwa wenyeviti wa G77, kundi la nchi zinazoendelea (77 ni jina tu, wanachama saa hivi wamepita 130), wakang'ang'ania kweli kweli. Miaka 31 hiyo! Mtoto aliyezaliwa siku ya ombi kashakuwa baba wa watu.

Mle ndani hawapigi kura, inabidi wote wakubaliane, ndo maana hata Tuvalu yenye watu kama elfu kumi tu inaweza kukaba mkutano mzima. Sentensi yenye ubishi inafungwa kwenye mabano, na watu wazima wenye tai wanakesha wakibishana mabano yatoke au yabaki. Paris 2015 mambo yalisimama dakika za mwisho kabisa kisa neno moja, limekutwa "lazima" mahali Wamarekani walipotaka "inapaswa", ukumbi mzima ukasubiri hadi likabadilishwa. Sasa vikao vyenyewe vinaenda vyumba vingi kwa wakati mmoja, tajiri ana wanasheria kila chumba, nyie mna watu wachache wanakimbizana kwenye korido na chai hawajanywa. Ndo sababu Waafrika wanaenda kama kundi moja, huyu kashika fedha yule kashika kilimo, na kuanzia 2025 mwenyekiti wa kundi hilo ni Mtanzania mwenzetu, Dkt. Richard Muyungi.

Kwenye hela ndo pananiudhi. Copenhagen 2009 waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, kwa hesabu zao wenyewe walizifikisha 2022, na nyingi ni mikopo, yani mtu kakuunguzia nyumba halafu anakukopesha bati kwa riba. Baku, Azabajani, 2024 nchi zetu zikataka trilioni 1.3 kwa mwaka, zikapewa ahadi ya bilioni 300 ifikapo 2035, nyundo ikagongwa mjumbe wa India akiwa bado anaomba kuongea. Alipopewa maiki akasema hicho ni kiinimacho.

Na ule mfuko wa majanga, ahadi za Dubai 2023 zilikuwa kama dola milioni 700 kwa dunia nzima. Haumlipi mkulima mmoja mmoja, ni nchi inaomba kwa mradi. Kwa hiyo hela ya majaruba yako usiisubirie, msimu ukifika we panda.

SWALI: Mbona Mchina naye anakaa upande wetu wa masikini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Orodha ya nani tajiri nani masikini iliandikwa 1992 kwenye ule mkataba wa Rio, na upande wa masikini mpaka leo wamo China, Saudia, hadi Qatar. Tukidai hela, Mchina anatufaa, sauti inakuwa nene. Ila ikifika kwenye kupunguza mafuta Saudia anavuta huku, visiwa vidogo vinavuta kule, na wote wametoka kwenye kikao kimoja cha G77 asubuhi.