Kabla ya kupoka timu pointi, andika bei ya kosa

Ligi za mtaani zikikaribia hapa Moshi, simu yangu haitulii. Nimekaa kwenye kamati ya ligi yetu misimu kadhaa, kwa hiyo wanaoandaa ndondo za Pasua, Majengo hadi Njoro hunitafuta wapate nakala ya kanuni. Waamuzi na ratiba hawaulizi sana. Wanauliza hivi: timu ikichezesha mamluki, yaani mchezaji asiyesajiliwa nayo, tuikate pointi ngapi?

Mimi namba hainisumbui. Kateni tatu, kateni sita, mradi iwe imeandikwa kabla ya mechi ya kwanza na kila kiongozi wa timu amesaini. Mkianza kuitafuta baada ya kujua aliyekosea ni timu ya nani, mnaendesha mnada.

Tuliwahi kupata kesi mbili zilizofanana, katika misimu tofauti. Ya kwanza timu ilitozwa faini, ikalipa, ikaendelea kucheza. Ya pili kamati ikataka kupoka pointi. Katibu wa timu ile, mzee mmoja mpole, hakukana chochote. "Mwenyekiti," alisema, "kijana hana fomu ya usajili, nakubali. Lakini wale wenzetu mliwapiga faini tu. Sisi tuna nini?" Hakuna aliyekuwa na la kumjibu, kwa sababu kanuni yetu iliandikwa "hatua kali zitachukuliwa" basi. Ukiona sentensi ya namna hiyo kwenye kanuni zako, ifute leo.

Msidhani ni shida ya viwanja vya vumbi. Ligi Kuu ya England ina bei inayojulikana kwa klabu inayofilisika na kuwekwa chini ya msimamizi: pointi 9. Portsmouth walikatwa hizo mwaka 2010, na ubishi wa kwa nini ziwe tisa na si tano haukuwa na pa kuanzia. Kwa klabu inayopata hasara kupita kiwango, bei haikuandikwa. Novemba 2023 Everton wakapokwa pointi 10. Februari 2024 rufaa ikazishusha hadi 6, na moja ya sababu ni kwamba jopo la kwanza halikuzingatia miongozo iliyokwisha kutumika kwenye ligi za chini. Mwezi uliofuata Nottingham Forest wakakatwa 4, ilhali walizidisha kiwango chao kwa pauni milioni 34.5 na Everton kwa milioni 19.5. Forest walipunguziwa kwa kukiri mapema na kutoa ushirikiano. Aprili, Everton wakaongezewa adhabu ya pointi 2 kwa hesabu za kipindi kilichofuata.

Sababu zote hizo zipo kwenye hukumu zenye kurasa nyingi, na nyingine zina mantiki. Lakini shabiki aliyekaa kwenye kibanda cha mpira pale Majengo hasomi hukumu. Anaona 10, 6, 4, 2, halafu anakumbuka Manchester City walishtakiwa kwa makosa ya fedha Februari 2023, kabla ya Everton, na kesi yao ikaanza kusikilizwa Septemba 2024. Hapo huwezi kumwambia kitu. Kwa hiyo andikeni na siku pia: malalamiko yaletwe ndani ya saa kadhaa baada ya mechi, uamuzi utoke kabla ya raundi inayofuata.

Jambo ambalo waandaaji wengi hawalipigii hesabu ni uzito wa pointi. Ligi ya England ina mechi 38, yaani pointi 114 za kugombea. Ligi ya mtaa yenye timu nane zikikutana mara moja ina mechi saba kwa kila timu, pointi 21. Ukikata tatu umechukua moja ya saba, sawa na kuwakata Everton kumi na sita. Watu wanakopi namba kutoka kanuni za ligi kubwa bila kugawanya. Mkiwa na makundi ya timu nne ndiyo msikate kabisa. Toeni ushindi wa mezani kwa mechi husika, yaani mpinzani apewe pointi zake, basi.

Na ushindi wa mezani nao una mtego wake, kwa sababu unamgusa ambaye hakuwepo uwanjani. Aprili 2017 Simba walifungwa 2-1 na Kagera Sugar, wakalalamika kwamba kuna mchezaji aliyecheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72, inayosimamia ligi, ikawapa pointi, kisha kamati nyingine ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikabatilisha. Mwisho wa msimu Yanga na Simba wakalingana pointi 68, Yanga wakabeba ubingwa kwa tofauti ya mabao. Hebu fikiria kamati ya kwanza ingekuwa na neno la mwisho: ubingwa ungekwenda Simba, na Yanga hawakuwepo kwenye mechi ile. Ndiyo maana nawaambia: aliyeamua mara ya kwanza asikae kwenye rufaa, hata kama mtaani kwenu watu wanaojua kanuni ni watano.

Kuna makosa ambayo pointi hazitoshi. Watu wa Arusha wanakumbuka mwaka 2016, JKT Oljoro wakiwa miongoni mwa timu nne za Daraja la Kwanza zilizoshushwa daraja kwa upangaji wa matokeo, baada ya siku ya mwisho kuzaa 8-0 huku na 7-0 kule. Adhabu hiyo ndiyo iliyowapandisha Mbao FC Ligi Kuu. Wakati ule niliona ni ukali. Leo naona ndiyo adhabu iliyoeleweka kirahisi kuliko zote, maana aliyefunga na aliyefungwa wote waliguswa.

Mfadhili wa kombe asiwe na kura kwenye kamati. Hilo silielezi, mnajua wenyewe.

La mwisho ni ada ya rufaa. Iwe ndogo, na anayeshinda arudishiwe fedha yake siku hiyohiyo, mbele ya viongozi wa timu zote. Kamati nyingi huila, na timu ikishajua kwamba hata ikishinda hela hairudi, malalamiko yake itayapeleka kwa refa, kwenye mechi ijayo.