Jasho na moyo kwenda mbio baada ya chai na mandazi
Dada, umeuliza kama jasho na moyo kwenda mbio baada ya chai na mandazi ni aleji; hiyo si aleji. Ukishafanyiwa baipasi ya tumbo (upasuaji wa kupunguza tumbo na kuliunganisha na utumbo mdogo) kama wewe, chai ya sukari haikai tena tumboni, inashuka haraka kwenye utumbo mdogo, nao unavuta maji kutoka kwenye damu. Ndipo jasho na kizunguzungu. Angalia saa tu: ikianza dakika 10 hadi 30 baada ya kula, sababu ni huko kushuka haraka kwa chakula. Ikichelewa saa 1 hadi 3, insulini (homoni inayoshusha sukari) imezidi na sukari ya damu imeshuka kweli (hii mara nyingi huja mwaka au zaidi baada ya upasuaji). Pima kwa glukomita (kipimo cha sukari ya damu) palepale, si kesho yake. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa juisi kidogo kisha ule yai. Juisi peke yake itakurudisha kulekule. Siku zote anza na samaki au maharage, ugali mwishoni, maji nusu saa baada ya kula. Ila kama ulipasuliwa wiki chache tu zilizopita na moyo unakwenda mbio hata hujala, ukiwa na homa au maumivu ya tumbo, nenda hospitali leo hii. Huenda mshono unavuja.