Lori moja ni magari madogo mangapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma uhandisi wa ujenzi. Mradi wangu ni programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa magari madogo na malori kwenye barabara yenye njia mbili kila upande. Nimeelekezwa kuhesabu kila lori kuwa magari mawili. Mbona foleni ninazoziona barabarani hazitokei kwenye programu yangu?
Mwanafunzi, mwaka wa nne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazitokei kwa sababu umeyaondoa malori. Ulichobaki nacho ni magari madogo mengi zaidi, yote yenye mbio na wepesi wa gari dogo.

Hesabu hiyo ya kubadilisha si mbaya. Imo kwa miaka mingi kwenye Highway Capacity Manual, mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara, na kazi yake ni kukadiria barabara inapitisha magari mangapi kwa saa. Hata huko namba haitulii: mlima ukiwa mrefu na mkali, lori moja huhesabiwa kuwa magari mengi zaidi. Wewe lakini unataka kuona foleni inavyozaliwa, na hiyo ni kazi nyingine.

Chukua trela mbili za mita 16.5 kila moja. Ya mbele inakwenda kilomita 80 kwa saa, ya nyuma 84, na dereva wa nyuma anaamua kupita. Ukijumlisha urefu wa trela zote mbili na nafasi ya kutoka na kurudi njiani, anahitaji kuivuka mwenzake kwa kama mita 80. Tofauti ya mwendo ni mita 1.1 tu kwa sekunde, kwa hiyo atatumia sekunde 72, na atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita moja na nusu akiwa ameiziba njia ya kulia au kushoto, kutegemea nchi. Kama njia hiyo ina magari madogo 11 kila kilomita, yakienda 110, kiasi cha sita yatamkuta kabla hajamaliza. La kwanza linakanyaga breki, la pili linakanyaga zaidi, na wimbi la breki linarudi nyuma. Gawanya trela hiyo kuwa magari mawili, na kisa chote hiki kimepotea.

Naamini unatumia modeli ya Nagel na Schreckenberg ya 1992, ile inayoigawa barabara kuwa vyumba na kuyasogeza magari hatua kwa hatua, kwani wanafunzi wengi huanzia hapo. Vyumba vyake vya mita 7.5 ni virefu mno kwa kazi yako. Vifanye vya mita 1.5: gari dogo likalie vyumba 5, trela 11. Kila hatua ikiwa sekunde moja, gari dogo liongeze mwendo kwa chumba kimoja kila hatua, trela kila hatua ya tatu. Hili la mwisho usiliruke hata ukiwa na haraka. Wengi hupunguza mwendo wa juu wa lori wakasahau kwamba linachelewa kuongeza mwendo, na kuchelewa huko ndiko kunakofanya foleni igome kuisha.

Kisha endesha programu mara mbili ukiwa na idadi ileile ya malori: kwanza yakiwa yametawanyika, halafu yakiwa yamefuatana. Hesabu yako ya zamani isingeona tofauti kubwa. Niandikie uniambie hii mpya imeona nini.